Nimeingia sebuleni kwa mwalimu na ndala za chooni

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni msichana wa miaka 26, na wiki tatu zilizopita nilifika Japani ili nisome lugha kwa mwaka mmoja kabla ya kuingia chuo kikuu. Ninakuandikia wewe kwa sababu uliwahi kudokeza katika safu hii kwamba uliishi Osaka kwa miaka minne, nami sina mtu mwingine ninayeweza kumweleza mambo haya bila ya kuchekwa. Nyumbani wanaamini kwamba nimefika peponi. Kila nikipiga simu huulizwa habari za treni ziendazo kasi na maua ya mcheri, nami hujibu kwamba ni mazuri, kwa kuwa kweli ni mazuri, kisha hukata simu na kulia.

Mkosi wa kwanza ulinipata uwanja wa ndege wa Narita, hata kabla sijauona mji wa Tokyo. Mama alikuwa amenikaushia nyama, akaifunga kwa karatasi tatu na kuiweka chini kabisa ya sanduku, na kwa kuwa sikuiona kuwa kitu cha kuficha, niliitaja mwenyewe nilipoulizwa kama nina chakula. Afisa aliipokea kwa mikono miwili, akaniinamia, akanionyesha karatasi yenye picha za nyama zilizopigwa msalaba mwekundu, kisha akaitia nyama ya mama katika pipa. Aliitupa kwa heshima ambayo sijapata kumwona mtu akitupia kitu, na nadhani hiyo ndiyo sababu iliniuma zaidi. Nimemwambia mama kwamba imechukuliwa, naye anasema nisihuzunike, atatuma nyingine kwa posta.

Kutoka hapo nilikwenda kwenye nyumba ya wageni niliyopangiwa kulala usiku wa kwanza. Kijana mmoja wa kwetu aliyenitangulia hapa alikuwa ameniandikia ujumbe: "Chumba kinafunguliwa saa tatu." Nilifika saa tatu na nusu asubuhi, nikijisifu moyoni kwamba sikupotea njia. Mhudumu wa mapokezi hakujua Kiingereza zaidi ya maneno machache, nami Kijapani changu kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo nikamwonyesha vidole vitatu. Yeye naye akanionyesha vidole vitatu, akaitikia kwa kichwa, akasema "hai, hai". Nikaonyesha ngazi, akasema "hai" tena, akainama, na asinipe ufunguo. Tulirudia hivyo mara nne au tano, kila mmoja akiwa amekubaliana na mwenzake kabisa, mpaka nikaona haya nikatoka nje. Nilikaa barazani juu ya sanduku langu kwa muda wa saa tano na nusu, petali za mcheri zikiniangukia kichwani na mapajani, nikiwa na baridi kiasi cha kutovihisi vidole vyangu. Saa tisa kamili alasiri yule mhudumu alitoka, akainama, akanikabidhi ufunguo huku akitabasamu.

Mengine nitayataja kwa kifupi. Kilango cha tiketi cha stesheni kilinifungia tumboni kwa sauti ya kengele, kumbe tiketi niliyokata ilikuwa ya nauli ndogo kuliko safari yenyewe, na watu walionifuata nyuma wakahamia kilango cha pili bila ya kusema neno. Mkahawani niliacha sarafu ya yeni 500 mezani, na mhudumu alinikimbilia mpaka kwenye taa za barabarani ili anirudishie, akihema. Bwenini niliambiwa kwamba chumba changu kiko ghorofa ya tatu, mlango wa pili kutoka ngazini. Usiku wa kwanza sikutazama namba, nikahangaika na ufunguo mlangoni kwa mtu mpaka bwana mmoja akafungua akiwa na nguo za kulalia. Tangu hapo nikisikia hatua zake ngazini husubiri apite ndipo nitoke.

Lakini lililonivunja hasa ni la wiki iliyopita. Mwalimu wangu, mama mtu mzima mwenye upole mwingi, alinialika kwake kwa chakula cha jioni. Nilikuwa nimesoma habari za kuvua viatu mlangoni, nikavua, nikapewa ndala za ndani, nikazivua nilipofika kwenye mikeka ya tatami, na nikaona kwamba safari hii nimefaulu. Baadaye niliomba kwenda msalani, nikakuta mlangoni ndala nyingine za plastiki, nikazivaa, na nikarudi nazo. Nilitembea nazo juu ya tatami mpaka mezani, nikaketi. Hakuna aliyesema lolote, isipokuwa mjukuu wa mwalimu, mtoto wa miaka kama minne, aliyenyoosha kidole kwenye miguu yangu akasema neno moja ambalo baadaye nililitafuta katika kamusi: "choo".

Kana kwamba hayo hayakutosha, mtoto huyo huyo, nadhani kwa kutaka kunifariji, aliniletea mwanasesere wake wa dubu na kunitajia jina la mnyama huyo kwa Kijapani. Wewe uliyekaa huko unalijua neno hilo. Mjomba, nilicheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, sikuweza kujizuia, na kadiri mtoto alivyolirudia ndivyo nilivyozidi kucheka, na mwisho yeye akalia. Sikuwa na namna ya kueleza. Tangu jioni hiyo, siku nane sasa, ninakaa nyuma kabisa darasani na sijamtazama mwalimu usoni. Juzi amenialika tena, Jumapili ijayo, nami ninatafuta udhuru.

Isitoshe, siku sita zilizopita nilisahau mkoba wangu kwenye rafu ya treni. Ulikuwa na daftari langu la msamiati, miwani na kanga ya mama. Sikuenda kuuliza, kwa sababu umeshachukuliwa bila shaka, na kwa sababu sitaki tena kusimama mbele ya dirisha la mtu nikionyesha vidole. Ninachouliza ni hiki: je, mtu huwa hivi kila aendapo ugenini, au mimi ndiye nisiyefaa kusafiri? Maana hata katika treni, kiti kilicho kando yangu hubaki kitupu huku watu wamesimama, na ninaanza kuhisi kwamba wote wameshapata habari zangu.

Ni mimi mpwa wako,
Mwenye Ndala

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Nitaanza na mkoba, ingawa wewe umeuweka mwisho, kwa sababu katika barua yako yote hilo ndilo jambo lenye tarehe. Umeandika kwamba "umeshachukuliwa bila shaka". Shaka ipo, tena kubwa. Kitu kinachosahauliwa ndani ya treni huko hukusanywa na wafanyakazi wa reli mwisho wa safari, huandikwa katika orodha, hukaa kwao kwa siku chache, kisha hupelekwa polisi. Kwa sheria ya vitu vilivyookotwa iliyoanza kutumika Desemba 2007, polisi hukihifadhi kwa miezi mitatu. Zamani ilikuwa sita. Ila sheria hiyo hiyo inaruhusu vitu vya bei ndogo vinavyojaa ghalani, kama vile miavuli na nguo, viuzwe baada ya wiki mbili iwapo mwenyewe hajatokea. Sitaki kubishana na karani kuhusu kanga kama ni nguo au si nguo. Siku sita zimekwisha, kwa hiyo nenda kesho asubuhi.

Nenda kwenye stesheni yoyote ya njia ile uliyopanda, uchukue kadi yako ya ukaazi, na kabla ya kutoka bwenini andika kwenye karatasi jina la njia, upande treni ilikokuwa ikielekea, saa uliyoshuka na stesheni uliyoshukia, kama ulikuwa behewa la mbele au la nyuma, na vitu vilivyomo mkobani kimoja kimoja. Chora kanga. Nina maana hasa ya kuchora: pindo, mji, na maandishi yake, kwa kuwa hakuna mwingine katika orodha yao atakayekuwa na kitambaa chenye maneno ya Kiswahili, na hapo ugeni wako utakusaidia kuliko miwani wala daftari. Dirishani utasema: "Densha ni kaban o wasuremashita", yaani nimesahau mkoba katika treni. Jizoeze mara kumi mbele ya kioo. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati ambayo Mwingereza hana, kwa maana irabu zao ni zile zile zetu tano na silabi zao karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo ukilisoma neno kama lilivyoandikwa utaeleweka. Wakikuambia kwamba umeshapelekwa polisi, watakupa karatasi yenye anwani na namba. Ukipotea njiani, ingia katika kibanda chochote cha polisi kilichoandikwa KOBAN. Polisi wa vibanda hivyo sehemu kubwa ya siku yao huipitisha wakielekeza watu njia, na mara nyingi wana ramani ya mtaa.

Jambo la pili lenye haraka ni mama. Mpigie leo umzuie asitume ile nyama. Japani hairuhusu nyama wala bidhaa ya nyama kuingia bila ya cheti cha ukaguzi kutoka serikali ya nchi inakotoka, kwa kuhofia maradhi ya mifugo, na katazo hilo linahusu vifurushi vya posta sawasawa na masanduku ya abiria. Wala usijilaumu kwa kuitaja pale uwanjani. Ulifanya jambo la busara kuliko yote uliyosimulia, kwani anayeitaja hupoteza nyama tu, na anayeificha anaweza kuingia matatani. Mwambie mama atume majani ya chai.

Tena kuna jambo ambalo hukulitaja kabisa. Mtu anayeingia kwa ukaazi kama wako, akishapata mahali pa kuishi, ana siku 14 za kwenda ofisi ya manispaa kuandikisha anwani yake, na anwani hiyo huandikwa nyuma ya kadi. Geuza kadi yako. Ikiwa kuna maandishi ya wino nyuma, basi chuo kilikupeleka katika ule mzunguko wa siku za mwanzo nawe hukuelewa ni kwa ajili gani. Ikiwa ni tupu, umeshachelewa, na utoke stesheni uende moja kwa moja manispaa ukaeleze. Nimewaona vijana wanaokosa usingizi kwa ajili ya ndala huku jambo hili wamelisahau.

Sasa nije kwenye mikosi yako. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliona kwamba hukukosea hata mara moja kwa jambo usilolijua kabisa. Ulikosea kila mahali ambapo jambo la kwao linafanana na la kwetu, ukaamini kwamba unalijua. Saa tatu unaijua. Ghorofa ya tatu unaijua. Mtu akiitikia kwa kichwa na kutamka "hai", unajua kwamba amekubali. Kumbe "hai" mara nyingi maana yake ni "nimekusikia", kama mtu anayeitika "naam" akiitwa. Kuitika si kukubali. Yule mhudumu alikuwa akikuambia kwa adabu zote kwamba amekusikia unataka chumba, na kwamba chumba ni saa tatu yao, yaani saa tisa alasiri yetu. Mwenye hatia hapa ni kijana wa kwetu aliyeifasiri saa ya Kijapani kwa Kiswahili bila ya kuigeuza. Mtu akikuandikia saa tena, mwombe aiandike kwa mtindo wa saa 24, kwa sababu huko hata ratiba za treni huandikwa hivyo, na 15:00 haina ndugu wa kufanana naye.

Hapa sitaacha kukupa jambo ambalo mimi mwenyewe nililigundua mwaka wangu wa pili na ambalo bado linanifurahisha. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita, na saa sita ndiyo tofauti iliyopo baina ya namba ya saa ya Kiswahili na namba inayoonyeshwa na mshale. Matokeo yake ni kwamba saa ya mishale iliyo ukutani kwako bwenini, ukiisoma kama ilivyo, inakutajia saa ya nyumbani kwa Kiswahili. Mshale ukiwa kwenye nne alasiri huko, kwa mama ni saa nne asubuhi, na hivyo ndivyo atakavyoitaja yeye mwenyewe. Huna haja ya kujumlisha wala kutoa ili ujue kama ameamka.

Ghorofa nazo ni hivyo hivyo. Wao huanza kuhesabu kutoka chini kabisa, kwa hiyo tunapoingilia sisi na kupaita chini, wao wameshapaita ghorofa ya kwanza. Ghorofa yao ya tatu ni ya pili kwetu, na wewe ulipanda ngazi moja zaidi. Huyo bwana wa juu hakuhitaji kufikiri sana kujua kwamba mgeni amekosea mlango. Kwa desturi ya zamani mtu anayehamia huenda kwa majirani na kizawadi kidogo, taulo au biskuti. Siku hizi mijini wengi hawafanyi, lakini nawe ukigonga mchana ukiwa na pakiti ya biskuti mkononi na kusema jina lako, hutalazimika tena kusikiliza hatua za watu ngazini. Sema jina lako tu. Mimi mwezi wangu wa kwanza nilijitambulisha kwa kutia "san", neno lao la heshima, mwishoni mwa jina langu mwenyewe, jambo ambalo ni sawa na mtu anayepiga hodi na kusema, "Mimi ni Mheshimiwa Fulani." Hakuna aliyenisahihisha, na walinisalimu kwa taadhima kubwa.

Kilango cha tiketi si cha kukuumiza kichwa. Karibu na kila safu ya vilango hivyo huwa kuna mashine ya kulipia nauli iliyopungua, na mashine hizo hazikuwekwa kwa ajili yako peke yako. Nunua kadi ya kugusisha na habari hiyo itakwisha. Bakshishi nayo usiache tena. Huko si desturi, na ukiacha sarafu mezani wanadhani umeisahau. Pesa usimnyooshee muuzaji mkononi, ziweke katika kisahani kilicho mbele yako. Na ukiona sarafu ya rangi ya manjano yenye tundu katikati na isiyo na namba yoyote, hiyo ni yeni 5. Thamani yake imeandikwa kwa herufi za Kijapani pekee. Wageni wengi huikusanya mfukoni kwa kutojua ni ya ngapi. Wenyeji huitupia katika sanduku la sadaka mahekaluni, kwa sababu matamko yake yanafanana na neno lenye maana ya uhusiano mwema baina ya watu.

Nimefika kwa mwalimu. Ndala za chooni ni kosa la kila mgeni, na nitakuambia kwa nini linawashtua, ili usidhani ni ukaidi wao tu. Nyumba ya Kijapani imegawanywa na miguu: sakafu ya mlangoni ni ya nje, na hupaswi hata kuikanyaga kwa soksi, ukumbini ni pa ndala za ndani, kwenye tatami ni soksi au miguu mitupu, na chooni pana ndala zake ambazo hazivuki kizingiti. Ulifaulu mitihani mitatu ukaanguka wa nne, ambao kwa kawaida hakuna anayekumbuka kuutaja. Bila shaka mikeka ilifutwa ulipoondoka, na jambo likaishia katika kitambaa cha kufutia.

Lakini kuna kosa jingine, mpwa wangu, na hili hukuliona. Katika nchi ile mtu akikaribishwa chakula hushukuru anapomaliza kula, kisha anapokutana tena na mwenyeji wake, hata ikiwa ni siku tatu baadaye au wiki nzima, humshukuru upya kwa chakula kile kile. Kwetu ukifanya hivyo utaonekana unaomba kualikwa tena. Kwao usipofanya hivyo, unaacha pengo. Siku nane umekaa nyuma ya darasa kwa kuona haya, na katika siku hizo nane mwalimu ameona jambo moja tu, kwamba mgeni wake hakumkumbuka. Hata hivyo amekualika tena. Nenda kwake kesho baada ya kipindi, simama, inama kidogo, useme: "Senjitsu wa gochisousama deshita", yaani ahsante kwa chakula cha siku ile, kisha "Senjitsu wa shitsurei itashimashita", yaani niwie radhi kwa utovu wa adabu wa siku ile. Liseme mara moja. Usiingie katika maelezo ya ndala, wala usiombe radhi mara tano, kwa sababu kila ukirudia unamlazimisha mama wa watu akutulize.

Kuhusu dubu, nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuniuliza. Sitaliandika neno hilo hapa kwa kuwa safu hii inasomwa na watoto, lakini kila Mswahili aliyefika Japani anayo hadithi yake. Yangu ilitokea ndani ya treni ya mwendo kasi nikitoka Osaka kwenda Kyushu, kisiwa ambacho kina mji, na mkoa mzima, wenye jina linaloanza na neno lilo hilo, na ambao nembo yake ni dubu mweusi mwenye mashavu mekundu aliyechapishwa juu ya kila kitu kuanzia vibiriti hadi mabasi. Sauti ya mwanamke kipazani ilitangaza jina la stesheni polepole, kwa adabu, halafu ikalirudia. Niling'ata leso. Kwa hiyo sikulaumu kwa kucheka, ila mtoto aliyelia anastahili maelezo. Mweleze mwalimu faraghani, mwanamke kwa mwanamke, kwamba matamshi hayo kwa lugha yako ni jina la kiungo cha mwili ambacho hakitajwi mbele za watu. Nakuhakikishia, kwa kadiri ninavyowajua akina mama wa umri wake, kwamba atajiziba mdomo kwa mkono na kucheka kuliko ulivyocheka wewe.

Kiti kitupu katika treni sitakifunika kwa maneno matamu. Kipo, wageni wengi hukisimulia, na mimi kilinikalia kando kwa miaka minne. Wengine huogopa kwamba utawasemesha Kiingereza nao washindwe kujibu mbele ya watu. Wengine hawapendi wageni, basi, na hao wako kila nchi. Huwezi kuwajua kwa sura ni nani wa kundi lipi, na nilipoacha kujaribu kuwajua nilianza kukitumia kiti hicho kuwekea mfuko wangu, mpaka jioni moja bibi mmoja aliniambia kwa ukali niuondoe ili akae. Kilichonifurahisha ni ule ukali wake. Ila habari zako, mwanangu, hawajazipata; mji ule na vitongoji vyake una watu zaidi ya milioni 30.

Umeuliza kama mtu huwa hivi kila aendapo ugenini. Mimi baada ya miaka minne ya Osaka, ambako kwenye ngazi za umeme husimama upande wa kulia, nilihamishiwa Tokyo kwa mwezi mmoja, ambako husimama kushoto, na asubuhi ya kwanza niliziba njia ya watu wanaowahi kazini huku nikijiona mwenyeji. Siku hizi, nasikia, wanahimizwa wasitembee kabisa juu ya ngazi hizo.

Jumapili nenda. Usichukue udhuru wowote. Mpelekee mtoto zawadi, na ukiwa pale mezani mwambie mwalimu kwamba kilele cha mlima mrefu kuliko yote Afrika, chenye meta 5,895, kinaitwa Kibo. Utawaona wakitazamana, kwa sababu matamko hayo, ukivuta kidogo ile "o", kwao yana maana ya tumaini, na ndilo jina walilokipa chumba chao cha utafiti katika kituo cha anga za juu. Watakutajia Fuji, ambao una meta 3,776, nawe utawasifia, na mazungumzo yatakuwa yamepata njia.

Ukienda msalani, ziache zile ndala za plastiki zikiwa zimeelekezwa ndani, tayari kwa atakayefuata. Na kwa kuwa viatu utavivua mbele yao tena, kagua soksi zako Jumamosi usiku, hasa vidoleni.

Mjomba